Mtoto Amepata Nini? Namna ya Kupima Programu za Watoto Walioumizwa na Ukatili wa Nyumbani Mjini Kisangani

Kila mwisho wa mwaka mashirika madogo ya Kisangani huandika ripoti. Kituo cha kusikiliza cha parokia, chama cha akina mama wa Mangobo, ONG iliyopanga vyumba viwili Makiso: kila kimoja huhesabu watoto waliopokelewa, vikao vilivyofanyika, madaftari yaliyogawiwa na wazazi waliohudhuria mafunzo. Hesabu hizo ni za kweli na zina kazi yake. Lakini hata ukizisoma zote, hutajua kama msichana aliyekuwa akikesha akisikilizia hatua za baba yake mlangoni sasa analala.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayeendesha programu ya namna hiyo, au unayefanya kazi ndani yake, ukiwa na pesa kidogo, wafanyakazi wachache na watoto wengi. Huhitaji kuwa mtafiti wa chuo kikuu ili upime vizuri. Unahitaji kulishika jambo moja bila kuliachia: kazi tuliyoifanya ni jambo moja, na badiliko lililomfikia mtoto ni jambo jingine. Vikao 40 ni kazi. Mtoto anayelala, anayesoma na anayejua pa kukimbilia hatari inaporudi, huyo ndiye matokeo.

Ukubwa wa jambo lenyewe haufichiki. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013–2014 ulionyesha kuwa asilimia 52 ya wanawake wa Kongo wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Wengi wao ni mama, na watoto wao wamo katika nyumba hizohizo. Mtoto haumizwi na fimbo iliyomgusa yeye peke yake. Anaumizwa pia na sauti anazozisikia kutoka chumba cha pili, na ukimya wa asubuhi yake.

1. Anza kwa kuliandika badiliko, kabla ya kuandika shughuli

Chukua karatasi moja. Andika juu yake sentensi inayoanza hivi: "Baada ya miezi sita pamoja nasi, mtoto…" Malizia kwa maneno ambayo jirani asiyesoma angeyaelewa. "Awe na ustawi wa kisaikolojia na kijamii" haitoshi, kwa sababu hakuna anayeweza kwenda kuiangalia. "Analala usiku bila kuamka kwa hofu", "anaingia darasani siku zote mlango unapokuwa wazi", "anajua nyumba mbili anazoweza kukimbilia", "hapigwi tena", "ana mtu mzima mmoja anayeongea naye": hizi zinaonekana, kwa hiyo zinapimika.

Maneno hayo usiyabuni ofisini. Waite mama kumi, kisha vijana kumi, kila kundi peke yake, uwaulize kwa Kiswahili cha hapa au kwa Lingala: mtoto ambaye nyumbani kwao kuna ugomvi kila siku, anajulikana kwa alama gani? Mtoto aliyepona je? Usiulize habari za nyumba zao wenyewe. Andika majibu kama yalivyosemwa, kisha uhesabu yaliyorudiwa mara nyingi. Hiyo ndiyo njia iliyotumiwa kaskazini mwa Uganda, ambako watafiti waliwasikiliza kwanza Waacholi wakiyataja matatizo ya watoto wao kwa majina yao wenyewe, ndipo wakatunga maswali. Kipimo kilichotoka kwa watu hujibiwa na watu.

2. Usalama unatangulia swali

Kupima watoto wa aina hii kunaweza kuleta madhara. Mara nyingi anayempiga mtoto au mama yake bado anaishi naye. Swali lililoulizwa mahali pasipofaa linaweza kulipiwa usiku.

Hapa Kisangani familia nyingi huishi katika parsele moja yenye milango minne au mitano, jiko liko nje, na kila mmoja anasikia ya mwenzake. Kwa hiyo usimhoji mtoto kwenye parsele, hata kama mama amekukaribisha kwa moyo wote na kukupa kiti. Tafuta chumba shuleni baada ya masomo, ofisi ya parokia au kituo cha afya, mahali ambapo mtoto anaweza kuonekana akiingia bila watu kujiuliza amefuata nini. Jina la kazi yenu nje ya ofisi liwe pana: "afya na maendeleo ya watoto". Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo tangu 2001 katika maelekezo yake juu ya tafiti za ukatili dhidi ya wanawake: katika jamii usitangaze kwamba unachunguza ukatili, lakini mwambie wazi anayehojiwa kabla hajakubali.

Kabla ya swali la kwanza, hakikisha mambo haya yapo:

- Ruhusa mbili. Mlezi asiye mtenda ukatili anakubali, na mtoto mwenyewe anakubali. Mtoto aambiwe kwa sauti ya kawaida: "Unaweza kukataa, na siku ya mchezo utakuja kama kawaida."
- Mtu wa kupokea habari mbaya. Ukiuliza, utaambiwa. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, programu ya shirika la Raising Voices dhidi ya viboko ilipimwa katika shule 42 za msingi. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba ukatili wa walimu ulipungua, lakini pia kwamba watoto 434 walipelekwa kwenye huduma za ulinzi kwa sababu ya yale waliyoyasema walipohojiwa. Jiulize: wewe wakikuambia watoto watano tu kwa juma moja, utawapeleka wapi? Andika majina ya ofisi na watu kabla ya kuanza: muuguzi, kitengo cha polisi kinachoshughulikia ulinzi wa watoto, Divisheni ya Mambo ya Kijamii, mahakama ya watoto.
- Kauli ya kweli juu ya siri. Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie: "Ukiniambia kwamba uko hatarini, nitatafuta mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza ni nani."
- Daftari lisilo na majina. Mtoto awe na namba. Orodha inayounganisha namba na jina ifungiwe mahali pengine, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Picha za watoto na majina yao visipite kwenye WhatsApp ya ofisi.
- Simu yenye makubaliano. Simu ya mama inaweza kuwa mkononi mwa mume. Kubaliana naye mapema mtakavyosalimiana na neno litakalomaanisha "siwezi kuongea sasa".

Kama jambo moja kati ya hayo halipo, ahirisha kupima. Ripoti inaweza kuchelewa, mtoto asiwekwe hatarini kwa sababu yake.

3. Chagua vipimo vichache, kila kimoja kwa sababu

Programu ndogo ikibeba viashiria 30, wafanyakazi watajaza fomu na hawatamtazama mtoto. Vitano vinatosha.

*Usalama.* Mwulize mlezi, akiwa peke yake: katika majuma manne yaliyopita, mtoto amepigwa? Ameona au kusikia mtu mzima akipigwa nyumbani? Ni mara ngapi amelala nje ya nyumba kwa kukimbia ugomvi? Hiki ndicho kipimo cha kwanza. Mtoto anayecheka kituoni na kupigwa nyumbani hajapona. Amepata saa mbili tu za furaha.

*Usingizi na hofu.* Mara nyingi ndicho kinachobadilika mapema, na mtoto anaweza kukijibu mwenyewe.

*Tabia na hisia.* Hapa kipo kipimo kilichotengenezwa tayari, dodoso la nguvu na matatizo la Robert Goodman, lililochapishwa 1997 na kutumika nchi nyingi. Lina vipengele 25 katika mafungu matano. Mafungu manne ya matatizo hujumlishwa kupata alama kati ya 0 na 40, na la tano linaangalia wema wa mtoto kwa wengine. Ni fupi na mlezi hulijibu kwa dakika chache. Lakini lijaribu kwanza kwa walezi kumi wa hapa, ukiwauliza kila swali wamelielewaje. Mipaka ya alama iliyowekwa Uingereza isikufanye umtangaze mtoto wa Lubunga kuwa mgonjwa. Linganisha alama za mtoto na alama zake mwenyewe za miezi iliyopita. Na uwe macho na maswali ya maumivu: dodoso huhesabu kichwa na tumbo kuuma kama dalili za moyo ulioelemewa, lakini kwetu malaria huleta hayohayo. Uliza kama mtoto ameugua juma hilo, uandike pembeni.

*Shule.* Usiulize "anasoma?" Omba kuona rejista ya darasa uhesabu siku. Kisha tenga sababu. Elimu ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini mwanafunzi wa sekondari anaweza kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na mgomo wa walimu hufunga darasa zima. Siku hizo zisihesabiwe kama dalili ya mtoto.

*Mtu wa kumtegemea.* Mwulize mtoto: jambo baya likitokea leo usiku, utakwenda kwa nani? Andika kama ana jibu, na kama jibu hilo linawezekana. Anayesema "nitakwenda kwa nyanya" wakati nyanya yuko Yangambi bado hana pa kukimbilia usiku huu.

Ongeza swali moja juu ya mlezi mwenyewe: analala, anakula, ana nguvu za asubuhi? Mzazi mwenye miaka 31 au 32 leo alikuwa mtoto mdogo katika vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji huu. Wengi hawakupata wa kuwauliza. Mama asipopumua, mtoto naye hapumui, na programu isiyomwangalia mama itashindwa kuelezea kwa nini mtoto amerudi nyuma.

4. Namna ya kumwuliza mtoto

Chini ya miaka saba, usimhoji. Mwangalie anavyocheza, kisha mwulize mlezi. Kuanzia saba au nane anaweza kujibu, ukimpa kitu cha kushika.

Vifuniko vitano vya chupa za soda vinatosha. Vipange mezani kwa mstari mbele ya mtoto. Anza na jambo jepesi, ili ajifunze kutumia mstari mzima: "Hiki cha mwanzo ni chakula usichokipenda kabisa. Hiki cha mwisho ni kile unachokipenda sana. Sombe iko wapi?" Ataweka kidole. "Na dawa ya minyoo?" Atacheka, na kidole kitarudi upande wa pili. Sasa ameelewa. Ndipo umwulize:

"Sasa tuongee usingizi, mtoto wangu. Hiki ni usiku mbaya kabisa, hiki ni usiku mzuri kabisa. Jana ulilala namna gani?"

"Hapa, mama." Amegusa cha pili.

"Na juzi?"

"Hapa pia."

"Nini kingefanya kidole kisogee hapa, kwenye cha tatu?"

Swali hilo la mwisho halina alama, lakini andika jibu lake neno kwa neno. Watoto hutaja vitu ambavyo programu haikuvifikiria: kufuli la mlango, kulala chumba kimoja na dada, baba asikatae kula kwa hasira. Majibu 20 ya aina hiyo yatakufundisha zaidi ya kurasa za fomu.

Uliza hali ya sasa. Usimrudishe mtoto kusimulia alivyopigwa ili wewe ujaze kisanduku. Kama polisi au mshauri ameshamsikia, yatosha. Akianza kuangalia mlango, kung'ata kucha, au akinyamaza ghafla, funga daftari, ongea naye mambo mengine, mpe maji. Afadhali kikao kikosekane kuliko mtoto aondoke akitetemeka. Dakika 20 ni nyingi. Malizia na jambo linalompa nguvu, kamwe usimalizie na swali zito.

5. Mwulize anayeishi na matokeo

Programu nyingi huwafundisha wazazi, hasa wanaume, kisha huwauliza walewale waliofundishwa kama wamebadilika. Wanasema ndiyo. Kivu ya Kaskazini na Kusini zimetupa somo hapa. Shirika la kimataifa la misaada IRC liliendesha huko vikundi vya majadiliano vya wanaume kwa lengo la kupunguza ukatili dhidi ya wake zao, na kazi hiyo ikapimwa kwa kulinganisha jamii zilizopata vikundi na zisizopata. Matokeo yalichapishwa 2020. Mitazamo ya wanaume ilikuwa imebadilika, na walisaidia zaidi kazi za nyumbani. Lakini wake zao walipoulizwa juu ya kupigwa, haikuonekana tofauti ya kuaminika kati ya jamii hizo mbili.

Kama wangeulizwa wanaume peke yao, ripoti ingesifu ushindi. Kwa hiyo weka kanuni hii ukutani: mafunzo ya baba hupimwa kwa maneno ya mama na mtoto, na maneno hayo huchukuliwa mahali ambapo baba hayasikii wala hataletewa.

6. Nani apime, na lini

Mshauri asiwapime watoto wake mwenyewe. Mtoto anampenda na hataki kumhuzunisha, naye ana moyo wa kuona kazi yake imezaa. Badilishaneni: mfanyakazi wa kituo cha Kabondo apime Tshopo, na wa Tshopo apime Kabondo. Msichana ahojiwe na mwanamke, isipokuwa yeye mwenyewe achague vingine.

Pima mara nne. Mara ya kwanza ni ndani ya majuma mawili ya kupokelewa, hali ikishatulia. Mtoto aliyefika jana usiku na jeraha anahitaji muuguzi na mahali pa kulala, fomu itasubiri. Mara ya pili ni mwezi wa tatu, ya tatu mwezi wa sita. Ya nne ni mwezi wa 12, hata kama mtoto alishaaga programu. Hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka kwa kukosa pesa za motopikipiki au nauli ya pirogi ya kuvukia Lubunga. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu ukatili wa nyumbani una tabia ya kutulia miezi michache na kurudi.

Zaidi ya yote, fuatilia hivyo watoto waliorudishwa kwa familia. Hapa mjini wapo waliofukuzwa kwa kuitwa wachawi, mara nyingi baada ya wazazi kuachana, baba kuoa tena, au mtoto mchanga kufa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza tuhuma hizo, nayo inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kumrudisha nyumbani kwa picha na kukumbatiana ni kazi ya siku moja. Uliza miezi sita baadaye: bado yuko? Anakula sahani moja na wengine? Bado wanamwita ndoki, yaani mchawi, wanapokasirika?

7. Tafuta cha kulinganisha nacho

Familia huja kwenu mambo yanapokuwa mabaya kabisa. Baada ya hapo, watoto wengi hupata nafuu kidogo hata bila programu: baba amesafiri machimboni, mama amehamia kwa ndugu, muda umepita. Ukipima mwanzo na mwisho tu, utajipa sifa ya nafuu hiyo yote.

Ona utafiti uliochapishwa 2007 katika jarida la tiba la JAMA, ukiongozwa na mtafiti Paul Bolton. Katika kambi mbili za watu waliohamishwa na vita kaskazini mwa Uganda, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: mazungumzo ya tiba ya kikundi, michezo ya ubunifu, na wale waliosubiri zamu yao. Huzuni ya wasichana wa kundi la mazungumzo ilipungua waziwazi. Kwa wavulana haikuonekana tofauti ya kuaminika. Michezo haikupunguza huzuni zaidi ya kusubiri. Bila kundi la kusubiri, nani angeyajua hayo? Kila mtu angeona vijana wakicheza kwa furaha na kuandika kwamba yote mawili yamefanya kazi.

Huna haja ya kupiga kura ili ulinganishe. Kama vikundi vyenu vina nafasi 20 na watoto wanaohitaji ni 40, tayari kuna wanaosubiri. Wapime hao pia, mara mbili, kabla zamu yao haijafika, ukiwapa wakati huohuo msaada wa dharura na namba ya mtu wa kumpigia. Mtoto aliye hatarini haingii kwenye orodha ya kusubiri kamwe. Yeye huchukuliwa siku hiyohiyo. Na ukilinganisha, tenga wasichana na wavulana, wadogo na wakubwa, kwa sababu wastani wa wote unaweza kuficha kundi lisilosaidika.

8. Hesabu zisizodanganya

Tuseme, kwa mfano tu, umepokea watoto 40 mwezi wa kwanza. Mwezi wa sita umewapata 25, na kati yao 18 wana nafuu. Ukigawa 18 kwa 25 unapata asilimia 72, na ripoti inang'aa. Lakini uliwapokea 40. Ukigawa 18 kwa 40 unapata asilimia 45. Andika zote mbili, kisha jibu swali lililo katikati: wale 15 wako wapi? Anayeacha kuja mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kwao pamechafuka tena, au aliyekatazwa na baba. Tuma mtu awatafute kwa njia salama, na hata wakipatikana watano tu, maneno yao yaingie kwenye ripoti.

Watoto wakiwa chini ya 30, acha asilimia, sema idadi: "watoto 9 kati ya 14". Taja pia walioharibikiwa. Kila programu ina watoto ambao hali yao imeshuka, na ripoti isiyowataja haiaminiki.

Angalia pia viashiria vinavyopendeza machoni bila kumhusu mtoto. Idadi ya kesi zilizofikishwa mahakamani haitoshi: baba akifungwa na nyumba ikakosa chakula, ukoo ukamgeukia mama, mtoto amepata haki na njaa kwa pamoja. Upande wa pili, kesi iliyomalizwa kwa makubaliano ya familia, kwa mbuzi na radhi mbele ya shefu wa kartie, inaweza kuandikwa "imetatuliwa" huku mtoto akirudishwa kwa mtu yuleyule. Katika hali zote mbili, rudi kwa mtoto uulize vile vipimo vitano.

9. Mambo ya mji huu yanayopindisha majibu

Kisangani ni mji uliozoea kuandikishwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Februari 2022 Uganda iilipe Kongo fidia ya vita ya dola milioni 325, na mfuko wa kuigawa kwa waathiriwa, FRIVAO, una makao yake hapahapa. Tangu 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola umeleta familia zilizokimbia, nazo pia zimeandikishwa kwa ajili ya misaada. Kwa hiyo mtu mgeni mwenye kalamu na fomu huonekana kama aliyeleta orodha ya pesa. Wengine watazidisha taabu ili wasiachwe, na mwishoni watazidisha shukrani ili mradi usiondoke. Sema tangu salamu ya kwanza: majibu yako hayaongezi wala kupunguza utakachopewa. Kisha lithibitishe kwa vitendo: usigawe kitu siku ya kupima.

Weka daftari la matukio. Kila juma andika mistari mitatu: bei ya unga na mafuta ya mawese, shule zimefunguliwa au zimefungwa, kuna familia mpya zilizohamia, kuna mapigano au maradhi. Hofu za watoto zikipanda mwezi fulani katika vituo vyote, daftari hilo litakusaidia kujua kama tatizo ni programu yenu au ni mji mzima.

Na lugha: mtoto mmoja huongea Lingala mtaani, Kiswahili kwa nyanya na Kifaransa darasani. Mwulize anataka kuulizwa kwa lugha gani, andika uliyotumia, na uitumie hiyohiyo mara nne zote.

10. Matokeo yafanyiwe kazi

Kila miezi mitatu kaeni saa mbili, wafanyakazi wote, mbele ya hesabu. Ulizeni matatu: watoto gani wamesogea, gani hawakusogea, tutabadilisha nini kabla ya kikao kijacho? Andikeni badiliko moja na jina la mwenye kulitekeleza. Kama usingizi umeboreka lakini kupigwa hakujapungua, mnafanya kazi nzuri na watoto na mmewaacha wazazi. Kama wavulana wakubwa hawasogei, labda hawataki kukaa duara kuongea, wanataka ufundi na mtu mzima wa kuwaongoza. Jaribuni, mpime tena.

Rudisheni habari kwa wenyewe. Waambieni walezi mmegundua nini kwa jumla, bila mfano unaoweza kumtambulisha mtu. Waulizeni watoto wakubwa kama picha hiyo ni ya kweli. Wao ndio wanaojua kama badiliko lililoandikwa lipo.

Na mfadhili naye aambiwe ukweli. Mwandikie: tulitaka hiki, tumepata hiki, hapa tumeshindwa, hivi ndivyo tutakavyobadilisha. Wapo watakaositasita. Lakini programu inayojua udhaifu wake inaweza kurekebishwa, na isiyojua itaendelea kugawa madaftari kwa watoto wasiolala.

Anza mwezi huu na watoto kumi. Swali la usalama, swali la usingizi, vifuniko vitano, namba badala ya jina, na jina la muuguzi mfukoni. Hayo hayagharimu zaidi ya nauli ya toleka na muda wa mtu mwenye subira. Mwezi wa tatu utakuwa na karatasi moja inayosema kweli juu ya watoto kumi, na kutokana nayo utajua la kufanya na wa 11.